Saa Isiyopiga Simu

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na tatu, na ninakimbia. Simfukuzi mwizi wala siwahi basi. Nakimbia kilomita kumi kila asubuhi, peke yangu, na kwa muda huo wa saa moja na robo hakuna mtu duniani anayeniuliza suruali yake imefikia wapi. Katika siku yangu nzima hicho ndicho kipande pekee kilicho changu, na simpi mtu.

Nilitaka saa ya kunipimia mwendo tu, maana nilikuwa nimejiandikisha mbio za kilomita ishirini na moja. Binti yangu mkubwa, muuguzi, akataka nivae saa janja. Tangu baba yao alipoanguka bafuni akakutwa ameshakata roho, mtoto huyu ananichunga kama maziwa jikoni. Akanivalisha ya kwake ya zamani, yenye laini ya data tu, niijaribu wiki moja.

"Mama, mapigo ya moyo nitayaona kwenye simu yangu. Na ulipo nitapaona, kinukta cha bluu."

"Kwa hiyo mimi sasa ni kinukta?"

"Mama, usianze."

Siku ya pili jioni saa ikanipongeza kwa hatua elfu kumi zaidi ya zile za mbio. Tangu nirudi mbioni nilikuwa nimeshinda nikipiga pasi mashati, sijavuka hata kizingiti. Siku ya tatu ikazimika kilomita ya saba, chaji imekwisha. Na kabla ya kuzimika, vidole vyenye jasho haikuvitambua; niliigusa weee, imenikodolea macho tu.

Siku ya nne ndiyo ilikuwa kioja. Sisi mafundi tukikata kitambaa hatuvai kitu mkononi. Mkanda ukinasa hariri ya watu, hiyo hariri umeshainunua wewe. Nikaivua, nikaitumbukiza mfuko wa karibu. Mfuko wenyewe ulikuwa wa koti la mwalimu mkuu mmoja, naye akaja saa nne, akachukua koti lake, akaenda zake.

Binti yangu, akiwa wodini, akaona mama yake hana mapigo na kinukta kinakata barabara kuu. Akapiga simu, yangu ilikuwa chini ya lundo la vitambaa, cherehani inanguruma. Akaomba ruhusa, akakodi teksi, akakifuata kinukta mpaka shuleni, akamvamia mwalimu mkuu ofisini na sare zake za kazi: "Mama yangu mmemweka wapi?" Mzee wa watu akajipapasa, akaitoa saa mfukoni kwa vidole viwili.

Niliposimuliwa nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Alikuja dukani kwangu macho mekundu, akatoa hukumu: Jumamosi tunanunua mpya, inayopiga na simu, na sitaivua hata nikioga.

Jumamosi tukaenda. Muuzaji akatufungulia boksi la saa janja, akaisifia: inapokea simu, ukianguka inawaita watu yenyewe. Mimi nikaonyesha nyingine kwenye kabati la kioo, nene, ina vitufe pembeni.

"Hiyo ya mbio, mama? Hiyo haipigi simu. Inakupimia umbali na mwendo kwa setilaiti, inakaa na chaji wiki mbili, basi. Hizo wanachukua wakimbiaji." Akaniangalia kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Umeshamaliza kunipima?" nikamuuliza. "Mimi kupima watu ndiyo kazi yangu, na bado huwa naomba ruhusa kwanza. Nipe hiyo."

Binti yangu akanishika mkono. "Mama, tafadhali. Ukianguka huko nitajuaje?"

Hapo utani ukaniishia. Sura yake ilikuwa ile ile ya siku ya msiba, na moyo uliniuma.

"Hutajua," nikamwambia. "Ulipokwenda kusomea uuguzi ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa unapiga simu Jumapili, na Jumapili nyingine hupigi. Sikukufunga kengele mwanangu. Nilikaa na hofu yangu, nikashona nayo, wewe ukawa mtu mzima. Sasa ni zamu yako kukaa nayo."

Alilia pale pale, mbele ya wateja. Na mimi machozi yalinilengalenga, lakini mkono nilikuwa nimeshamnyooshea muuzaji anifungie saa yangu.