Dawa ya Vidole

...kumbe si mbao, amesema si mbao, au masikio yangu yanajisikilizia yanachokitaka, hapana, karudia, daktari huyu ambaye miwani haimkai puani, kainua picha ya mapafu yangu kwenye mwanga wa dirisha na kusema, "Mzee, sidhani ni vumbi, nadhani ni hivi," kidole chake kiko juu ya pakiti ya vidonge vyangu vya maumivu ya viungo, vile vya mara moja kwa wiki, na mimi nimeduwaa hapa shati wazi, binti yangu kiti cha pembeni... vidonge hivyo ndivyo vilivyonirudishia mikono, vidole vilivimba hadi randa ikanishinda, nikameza hivyo, vidole vikanyooka, vidonge nikaviweka karakanani kwenye kopo la skrubu karibu na gundi, maana kwangu havikuwa dawa, vilikuwa kifaa cha kazi, ndiyo maana kila nilipoulizwa natumia dawa gani nilijibu situmii kitu, wala sikuona kuwa naficha, dawa ya vidole kifuani itafuata nini, na leo asubuhi binti kaingia karakanani bila ruhusa, kaitia pakiti mkobani, njia nzima nikamnunia... daktari anaeleza, mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, kuta zake nyembamba, dawa hii kwa watu wachache huziudhi, zinavimba, chembe za kulinda mwili zinakimbilia huko na kuzidisha fujo, pumzi inakosa pa kupita, watu wachache, na mimi nimo, bahati yangu hiyo... nashika nusu nusu, namwaza marehemu baba, aliyekohoa juu ya meza ileile ya kurandia hadi tukamzika, nikaapa ni vumbi lililommaliza, na kikohozi kikavu kiliponianza nikajua zamu yangu imefika, nikawa namwagia maji kila kitu ili vumbi litulie, sakafu, meza, maranda, mpaka milango ya mteja ikavimba ikagoma kuingia kwenye fremu, mke wangu akacheka hadi akakaa chini, mimi sikucheka, nikafunga karakana, na binti huyu anayeunga mbao kuliko mimi nikamwambia hutagusa randa tena maadamu niko hai, kazi hii inaua, katafute nyingine, akavua aproni akaitundika, tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji...

"Kuna makovu?" anauliza binti, si mimi, na najua anachouliza, maana ubao uliopasuka naujua, utaujaza gundi na unga wa mbao lakini ufa upo, daktari anarudi kwenye picha, anakawia, miwani inateleza, sema daktari, sema... "Sioni makovu, naona uvimbe. Hivi tunavisimamisha leo, nampa dawa ya kutuliza, na mapafu yana nafasi nzuri ya kurudia hali yake." Anaendelea, vidole vitatafutiwa dawa nyingine, vumbi nalo si rafiki, barakoa na madirisha wazi, nitafanya, nitafanya yote, nitavaa hata barakoa mbili, lakini mbao haikuniua, nimeilaani bure mbao ya watu, nimefurahi hadi aibu, pumzi ni fupi vilevile kama nilivyoingia nayo na bado nataka kucheka, nacheka, kikohozi kinadaka kicheko katikati, na binti anainuka, anapitisha mkono ndani ya shati langu na kunisugua mgongo taratibu kama alivyokuwa akifanya mama yake usiku, "Pole baba, pole"... na kiganja hicho kinakwaruza, kina sugu chini ya vidole, pale pale randa inapokaa, nami naijua sugu, ukiacha kazi inalainika na kubanduka, hii ni ngumu, ni mbichi, huyu hajaacha hata siku moja, ana karakana ya mtu mahali fulani, miezi yote hii nyuma ya mgongo wangu... ningekasirika, jana ningekasirika... daktari bado kashika picha dirishani, bado anazungumza, nami naegemea kile kiganja, namwacha asugue, tukitoka nitamuuliza wanampa mbao gani.