Kigoda Juu ya Shuka Jeupe

Muthama wa Wamunyu alichonga vigoda vya wazee wa baraza, na mzee aliyekalia kigoda chake hakuinuka mpaka shauri limekwisha. Muthama alimzaa Kyalo, shemasi, mtu ambaye neno lake lilipokewa bila kutafutiwa shahidi. Kyalo akamzaa Maingi, aliyehamisha tezo na patasi za ukoo hadi Nairobi, akaweka makazi Umoja zamani, kabla nyumba za mtaa huo hazijaongezwa vyumba hadi kando ya barabara. Katika vizazi vyote hivyo, hakuna mnunuzi aliyewahi kukirudisha kigoda cha nyumba hiyo akinung'unika.

Kwa hiyo Mulongo wa Pipeline, mfanyakazi mstaafu wa kiwandani, alipoingia uani kwa Maingi na kigoda kwapani akakibwaga chini, mzee alidhani mgeni amekosea nyumba.

"Mzee Maingi, unaheshimika kanisani," Mulongo alifoka. "Unaniuziaje mjakaranda uliopakwa rangi ya viatu, uniambie ni mpingo?"

Akageuka amwonyeshe suruali yake ya Jumapili. Nyuma palikuwa na duara jeusi mfano wa kitako cha chungu.

"Nimepita mbele ya waumini wote hivi! Mama Millicent ameniuliza kama siku hizi tunakalia sufuria."

"Sikukuuzia kitu, ndugu yangu."

"Na hiki kigoda nilichoagiza mtandaoni si chako, mbele ya baraza yako?" Mulongo akamsogezea simu.

Kilikuwa chake. Miguu mitatu, waya wa shaba uliogongomelewa kwa duara juu ya kikalio, na nyuma yake ukuta wa baraza yake mwenyewe. Picha aliipiga mjukuu wake, Kavindu. Lakini chini yake liliandikwa jina la duka la Muoki, ndilo lililomletea Mulongo kile cha bandia.

Muoki! Huyo aliingia katika ua huo akiwa kijana mwenye shati lililochanika mgongoni. Alikula mezani pa Maingi, akafunzwa kuunyoosha waya na kuuzamisha katika mti bila kuupasua. Sasa alikuwa na duka la vioo kando ya barabara ya Outer Ring. Maingi alimpelekea ujumbe aje wazungumze kama mtu na mwalimu wake. Jibu lilirudi kwa kinywa cha mfanyakazi: "Tajiri amesema picha ya mtandaoni ni kama hewa, haina mwenyewe. Na amesema mzee apumzike, dunia imempita."

Maingi aliyasikia maneno hayo akiwa ameshika patasi. Aliiweka chini polepole, akamwita Kavindu.

Binti huyo alijipatia riziki kwa kuwapigia picha wafanyabiashara wasio na studio. Alizoea kutandika shuka jeupe penye watu wengi ili picha ipate uhai wa jiji, rafiki yake Lorine akasimama na kinga ya jua ya kioo cha gari, yenye rangi ya fedha, akarudisha mwanga kwenye bidhaa. Walipiga haraka, wakakunja, wakatoweka kabla askari wa kanjo, wale wa jiji, hawajauliza kibali.

"Babu, si tumwandikie tu aifute?" Kavindu alisema.

"Niliyemlisha hawezi kunijibu kupitia mtumishi, kisha nimbembeleze kwa maandishi. Nataka aaibike mchana, mlangoni pake, mbele ya hao hao anaowauzia."

"Tutaingiaje kwake?"

"Hatuingii. Atatoka yeye. Muoki hajawahi kuona chungu cha mwenzake kinachemka asitie kijiko. Bidhaa wewe huifanyia nini kabla ya kuipiga picha?"

"Naipulizia maji kidogo, ing'ae."

"Basi na yake utaipulizia."

Kavindu alimtazama babu yake, kisha akacheka taratibu. "Babu, wewe ni hatari."

Jumamosi alasiri, njia ya miguu mbele ya duka la Muoki ilikuwa imefurika. Kavindu alitandika shuka, akaweka kigoda cha babu yake, akakipulizia maji, akapiga. Watu walianza kusimama. Kigoda kilipoinuliwa, shuka lilibaki jeupe pepe.

Muoki akatoka, suti ya rangi ya maziwa, tabasamu hadi masikioni.

"Mwalimu! Leo umekuja kwa mwanafunzi wako?"

"Nimekuja nione dunia ilikofika," Maingi akajibu.

Kabla hajajibiwa, askari wawili wa kanjo wakapenya katikati ya watu. "Nyinyi, kibali kiko wapi? Kunjeni hilo shuka!"

Lorine alianza kukunja. Maingi aliona kisasi chake kikibebwa pamoja na shuka. Lakini Muoki, akihesabu umati uliosimama mlangoni pake bure, aliinua mkono.

"Waacheni, wakubwa. Hawa ni watu wangu. Wanapiga bidhaa za duka langu. Duka langu, mimi Muoki!"

Askari wakarudi nyuma. Muoki akaingia ndani, akatoka na kigoda cheusi kinachomeremeta, akakisimamisha katikati ya shuka.

"Kavindu, nipige nikiwa nimekikalia. Kama chifu hivi!"

"Ngoja king'ae, mjomba," Kavindu akasema kwa adabu, akakipulizia. Hakuyabania maji.

Muoki akaketi, akakunja nne. Kavindu akapiga kutoka kushoto, akapiga kutoka kulia, akamwomba ajisogeze kidogo, na Muoki akajisogeza.

"Sasa simama, mjomba. Geuka."

Kicheko kilianzia kwa mama muuza ndizi, kikaenea kama moto wa nyasi. "Chifu amekalia lami!" kijana mmoja akapiga kelele. Muoki akajipapasa nyuma, akautazama mkono wake mweusi. Kavindu alikiinua kile kigoda: juu ya shuka jeupe palibaki nyayo tatu nyeusi, na penye matone mti ulionekana mweupe kama muhogo. Ndani ya duka, mwanamke aliyekuwa akichagua kigoda alikirudisha rafuni, akajipangusa vidole kwa karatasi, akaondoka bila kuaga.

Muoki alimwinamia Maingi sikioni. "Mwalimu, nihurumie. Nitaleta mbuzi nyumbani, tuyamalize kimila."

Maingi hakunong'ona. "Mbuzi hupokewa kwa kosa la hasira. Wewe uliketi ukapanga. Mpelekee Mulongo wa Pipeline, umlipie na suruali."

"Babu, niitume picha mtandaoni?" Kavindu akauliza, kidole juu ya simu.

Maingi alimtazama mtu aliyekula mezani pake. Alitafuta huruma kifuani, hakuiona, wala hakusikitika kuikosa.

"Itume. Uso wake uonekane vizuri."

Kisha akawageukia vijana waliokuwa wakicheka na simu zao juu.

"Nyamazeni, mnisikie. Kazi ya mikono ya mtu si hewa. Ukiitaka, njoo ufundishwe. Ukiiiba, jua kwamba wazee hatujafa wala hatujalala. Zingatieni hayo leo, mkiwa bado na suruali safi."