Supu ya Bi Thoa

Siku chache baada ya dripu ya kwanza hospitalini, Bi Thoa aliketi kwenye kigoda mlangoni pake, katika uchochoro mmoja wa mji wa Huế, akachota supu kijiko kimoja, akaonja, akatema. Supu ya ng'ombe yenye mchaichai na uduvi wa kuvundikwa, ambayo watu waliifuata kutoka ng'ambo ya mto tangu yeye ni msichana, ilikuwa na ladha ya misumari. Akamwita bintiye, Nhài.

"Chumvi imekolea?"

"Iko sawa, Mama. Nadhani."

"Unadhani! Supu haidhaniwi, we mtoto."

Akafunika sufuria, na kichefuchefu kikaja. Mwanawe mkubwa, Khiêm, akakimbia na beseni la buluu. Khiêm ndiye ambaye daktari alimwita pembeni, kama wanavyoitwa wana wakubwa, akamtajia ugonjwa wenyewe. Jioni ile ukoo mzima ulikuwa unaujua, isipokuwa mwenye nao. Bi Thoa aliambiwa ana vidonda vya tumbo. Alipouliza mbona mlango wa wodi umeandikwa Saratani, Khiêm alijibu kwamba wodi ya tumbo imejaa, wameazimwa kitanda tu.

"Vumilia, Mama," Khiêm alisema sasa, akimshikia beseni. "Ni vidonda tu hivyo."

Mara akatapika Khiêm mwenyewe. Alitapika chai yake ya asubuhi, kisha maji ya manjano yanayonuka hospitali, ambayo hakuwahi kuyanywa. Bi Thoa akajifuta mdomo mkavu, akasikia njaa, akaomba uji wa mchele. Akamaliza bakuli.

Habari zilienea. Kila aliyemdanganya Bi Thoa alikibeba kichefuchefu chake mpaka jioni. Hakuna aliyeshangaa, kichefuchefu lazima kiende kwa mtu. Hakuna pia aliyefikiria kuacha kudanganya. Walimpenda, wakapanga zamu. Wifi yake alipitia asubuhi akielekea pagoda, akasema lake, akatapika mtaroni, akaenda kusali. Mpwa wake wa pikipiki alidanganya bila hata kuvua kofia ngumu. Hata jirani, Bi Lựu, waliyenuniana naye kwa ajili ya jogoo, alikuja na ndizi.

"Vidonda hivyo, shoga, hata mjomba wangu alikuwa navyo," alisema, kisha akainamia beseni. Alipopata pumzi aliinua kichwa. "Lakini jogoo wako ndiye aliyeanza."

Baada ya dripu ya pili nywele zilianza kubaki kwenye mto. Nhài alizifagia, akasema ni joto la mwezi huu, akashinda siku nzima kitandani.

Bi Thoa hakuwa mjinga. Watu wakitapika kila wanapoutaja ugonjwa wako, unaelewa. Lakini katika nyumba ile jambo ambalo halijasemwa halikuweza kuamuliwa, na yeye alikuwa na la kuamua. Supu ile haikuwa na vipimo. Mama yake alimfundisha kwa kuonja naye kijiko kwa kijiko, mpaka ndimi zao zikakubaliana. Kama kweli ni vidonda, angemaliza dripu zote, apone, amfundishe Nhài taratibu. Kama ni ule ugonjwa mwingine, alitaka dripu zisimame sasa, ulimi umrudie, amfundishe binti akiwa bado yupo. Alihitaji mtu mmoja tu amwambie. Kumkosa kulimuuma kuliko sindano.

Siku ya kuamkia dripu ya tatu alimkalisha Nhài karibu na sufuria.

"Niambie nina nini."

"Mama, Kaka amesema..."

"Kaka yako sijamuuliza. Nakuuliza wewe. Nikufundishe sasa, au nikufundishe baadaye?"

Nhài alilitazama beseni. Ndiye aliyeshika zamu nyingi kuliko wote, kwa kuwa aliishi humo ndani. Midomo ilimpasuka, na mifupa ya mabega ilionekana chini ya blauzi. Alijua pia kwamba akisema kweli, mama yake atatapika usiku kucha.

"Mama, una..." alianza, huku akilivuta beseni karibu.

Bi Thoa aliiona ile mifupa. Moyo ukamshinda.

"Nina vidonda," aliwahi yeye. "Najua, mwanangu. Ni vidonda tu. Nitakufundisha nikipona."

Kichefuchefu kikamrudia mwenyewe papo hapo. Nhài alimshikia beseni huku akilia, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi hakuwa na maumivu yoyote.

Kesho yake Khiêm alimpeleka mama yao kwenye dripu ya tatu. Nhài alibaki, na kwa kuwa sasa alikuwa na nguvu, alipika supu. Alionja, akaongeza chumvi, akaonja tena. Mchana alimtumia mama yake bakuli moja hospitalini, limefungwa vizuri kwenye kitambaa.

Bi Thoa alionja. Misumari. Akamsogezea Khiêm kijiko.

"Onja wewe. Amepatia?"

Khiêm alionja.

"Ni ileile yako kabisa, Mama," alisema, akanyoosha mkono kuchukua beseni.

Bi Thoa akasikia njaa. Akainywa yote.