Mwili wa Kuazima

Tangu kompyuta iingie studio yake ya picha pale Makiso, Alfani alikuwa amegeuka fundi wa miili. Wembamba aliwanenepesha, waliotaka weupe aliwapa weupe, na chunusi alizifuta kama mtu anayepangusa meza. Vita vilipopamba moto akapata kazi nyingine asiyoiomba: kuwavisha marehemu. Watu walimletea picha ndogo ya kadi, uso mtupu, naye akaukata na kuupachika juu ya mwili wa mteja mwingine aliyevaa vizuri. Hakuna aliyeuliza mwili ni wa nani, na asiyeulizwa hana la kujibu.

Mama Katungu, muuza vitenge kutoka Butembo, alikuja asubuhi moja na kadi ya shule ya mwanawe Timothée. Kijana alikuwa amepigwa risasi kwenye kizuizi cha wanajeshi, njia ya Ubundu, maiti yake ikatupwa mtoni. Walitafuta mpaka wakachoka.

"Papa Alfani, mutoto wangu haina kaburi," alisema. "Unitengenezee yeye muzima, na miguu. Tutalalisha foto ndani ya sanduku, tuzike."

Umeme ulikuwa umekatika, na jenereta ilibakiwa na mafuta kidogo. Alfani akatafuta harakaharaka mwili uliosimama wima, wenye suti, wa kimo cha kijana. Uliofaa ulikuwa mmoja tu, wa komanda mwenye jino la dhahabu aliyepiga picha ya kumpelekea mchumba wake. Alisita. Kisha akajiambia mwili ni mwili tu, akaondoa kichwa cha komanda na kuweka cha Timothée. Shingo zilikubaliana vizuri mno. Akaichapa picha kwa kimo cha mtu kwenye karatasi kadhaa, akaziunganisha kwa gundi.

Siku ya mazishi alikwenda matangani kama jirani mwema. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani kando ya sanduku, na wanawake walikuwa wakiipapasa kifua wakilia. Alfani alijisikia fahari kidogo, Mungu amsamehe. Akaketi karibu na tonton René, mjomba wa marehemu, akamuuliza kama walioua wanajulikana.

"Wanajulikana, lakini tutawashitaki kwa nani?" René alisema kwa sauti ya chini. "Kile kizuizi iko ya ule komanda wa jino ya dhahabu. Yeye mwenyewe alisema bapige risasi."

Jino lile Alfani mwenyewe ndiye aliyeling'arisha kwa kompyuta. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini alijaribu kuyazoa: alimwendea Mama Katungu, akainama sikioni mwake.

"Mama, nipatie foto, nirudilie kuitengeneza. Iko na makosa."

"Najua," mama alisema. Akaonyesha mikono ya picha. "Timothée aliungua mukono na mafuta ya mikate, angali mudogo. Hapa kovu haiko. Hii mikono haiko ya mutoto wangu."

Alfani akaitazama ile mikono.

"Mwenyewe iko muzima?" mama aliuliza.

"Iko muzima, mama."

"Bon. Basi ni mutu muzuri. Amekopesha mutoto wangu mwili."

Hapo ndipo angesema mwili ni wa nani. Ulimi uliozoea kubembeleza wateja ukamlalia mdomoni kama kipande cha mti. Alijidai anamhurumia mama, kumbe alikuwa anajihurumia mwenyewe, na alilijua hilo, na aibu ikamchoma. Picha ikalazwa sandukuni, sanduku likapigwa misumari.

Makaburini katekista alimaliza sala, watu wakaanza kuokota udongo wa kutupia. Mama Katungu akainua mkono, akawasimamisha.

"Tuombee na ule aliyekopesha mwili," alisema. "Mungu amuchunge na risasi, amurudishe salama kwa mama yake."

Watu wote wakaitikia amina. Alfani alikuwa Mwislamu. Angenyamaza, hakuna ambaye angemshangaa. Lakini Mama Katungu alikuwa amegeuka na kumtazama, akimngoja. Alfani akaitikia amina.