Damu Isiyojibu

Daktari hakumung'unya maneno. "Mama, chanjo ya huu ugonjwa wa mapafu umepata, lakini kwenye damu yako hatujaona kingamwili, wale askari wa kupambana nao. Hata kidogo."

Pindo, fundi cherehani aliyeitwa hivyo kwa pindo zake zisizofumuka, alijishika chini ya tumbo, pale ilipokaa figo aliyopewa na mdogo wake.

"Dozi zote zile zimekwenda wapi?"

"Ni dawa unazomeza ili mwili usiikatae figo. Zinaipoza kinga, kwa hiyo mwili unaiona chanjo na kuipuuza. Kipimo hiki hakisemi yote, na tutakuongezea dozi. Huenda ikasaidia, huenda isisaidie. Lakini wanaokuzunguka nao wachanjwe."

Kaka yake, mwenye karakana ya ushonaji alikofanya kazi Pindo, alikuwa akipiga pasi sare za shule. Pindo aliporudi na kumweleza, akaiweka pasi chini.

"Si nilisema mimi? Umedungwa bure! Kusanya vitu vyako, ukae nyumbani mpaka huu ugonjwa wa mapafu upite."

"Utapita lini?"

"Ukipita tutajua."

"Kaka, nilisafishwa damu kwa mashine hospitali, maji nikipimiwa, mpaka nikasahau kunywa maji ya kushiba ni kitu gani. Mdogo wetu akapasuliwa ili niishi. Hakupasuliwa ili nikae nikikodolea dari macho. Sitoki hapa."

"Utatuletea msiba!"

"Basi uzuieni. Nyinyi damu zenu zinajibu. Wewe umechanjwa?"

Mafundi wote wakaacha kushona, wakamgeukia kaka. Hakuna asiyejua kwamba yule bwana, mabega yake yakiujaza mlango, akiliona bomba la sindano hujificha.

"Na kutwa unashinda na sindano!" mkata vitambaa akaangua kicheko.

"Hizo hazinichomi mimi," kaka akafoka, akarudia pasi yake.

Pindo hakungoja ruhusa. Alichukua koleo, akang'oa misumari ya dirisha lililozibwa kuzuia vumbi, akalifungua hewa ipite, akaburuta cherehani yake mpaka chini yake.

"Sare zitachafuka!"

"Vumbi linafuliwa, kaka. Mapafu hayafuliwi."

Siku ya dozi ya nyongeza Pindo alikwenda kliniki na barakoa yake usoni. Nyuma yake walifuata mkata vitambaa, dada wa vifungo, na mwisho kabisa kaka, jasho likimtiririka kama aliyebeba gunia.

"Legeza mkono, baba," muuguzi akamwambia.

Hakuulegeza. Aliukamata mkono wa dada yake, akaukamua kama nguo mbichi, akafumba macho. Alipoyafumbua, sindano ilishatoka zamani.

Kipimo kilichofuata daktari alikitazama akakuna kidevu. "Kingamwili zimeonekana. Ila chache, chini ya tulivyotaka."

"Chache si sifuri," Pindo akajibu. "Nitakwenda nazo hizo hizo."

Ugonjwa ulipofika mtaani, mkata vitambaa alianza kukohoa, akabaki kwake bila kuambiwa. Hata hivyo ulimpata Pindo. Homa ilipompanda tu aliwahi kliniki, akapewa dawa mapema, akalazwa, akapumua kwa msaada wa oksijeni. Alikataa mtu yeyote kumlilia kitandani. "Lieni nikifa," aliwaambia, "na sijafa."

Alirudi karakanani amekonda, shingo imebaki mishipa mitupu. Kaka alimkuta amekwisha kukaa, anatia uzi.

"Daktari amekuruhusu?"

"Ameniruhusu. Wewe je?"

Machozi yalimlenga kaka.

"Nani anakuweza wewe?" akasema, na kumsogezea rundo la sare.