Mkono wa Mama Ajwang

Korona ilimwachia Mama Ajwang uhai, na juu yake zawadi ambayo hakuiagiza: mfupa mpya. Alilazwa Kisumu mwezi mzima akipumua kwa mashine, na alipotoka, mfupa ulikuwa umeota ndani ya nyama ya kiwiko cha kulia. Kiwiko kikakataa kabisa kukunjika. Mwanamke aliyekaanga samaki ufukweni Dunga miaka ishirini, sasa analishwa kwa kijiko na bintiye Lorine! Jamani, nani amewahi kufyonza kichwa cha samaki wa ngege kwa kijiko?

Madaktari walingoja mfupa ule ukomae, wakampasua, wakautoa. Kazi iliyobaki ikawa ya Griffin, kijana wa mazoezi ya viungo kutoka Port Victoria. Kila Jumanne na Ijumaa alikuja nyumbani, akaukunja mkono taratibu. "Bado kidogo tu, Mama." Mwezi wa tatu wa mazoezi, vidole vikagusa kidevu.

Ndipo Lorine akafungua mdomo, macho chini. "Mama, mimi na Griffin tunataka kuoana."

Mama Ajwang alicheka kwa furaha, kisha akautazama mkono wake. Mkwe! Mama mkwe hashikwi na mkwewe, iwe kwetu Wajaluo au kwao Griffin, Waluhya. Hata kula pamoja hawali. Akikubali leo, Ijumaa nani atamkunja mkono?

"Kumbe Jumanne zote hizo hakufuata kiwiko!" akafoka. "Mwambie asilete wazee wake mpaka mkono huu ufike mdomoni. Kwa sasa yeye ni daktari tu, na mimi sijasikia kitu."

Basi akaukunja mkono mwenyewe asubuhi, akaukunja kanisani katikati ya mahubiri. Griffin naye akaanza kuja hata Jumapili.

"Polepole, daktari! Usinivunje kwa sababu ya harusi."

Ijumaa moja Lorine aliweka ugali na ngege mezani. Mama Ajwang akamega tonge, akachovya, akainua. Kidevuni. Mdomoni. Ndani! Machozi yakamtoka huku akitafuna.

Griffin alipiga kelele ya shangwe, akanyoosha mkono ampongeze. Mama Ajwang akauficha wake nyuma ya mgongo.

"Ishia hapo hapo, mkwe wangu," akasema, akichukua sahani yake na kile kichwa cha ngege. "Mimi naenda kula jikoni."