Msiba wa Mzee Hradil

Nilikuwa napeta mbaazi nyuma ya nyumba niliposikia mume wangu analia. Nikatupa ungo nikakimbia. Gasper alikuwa sebuleni, mapajani kitabu alichonunua mnadani Masasi, chenye michoro ya Hradil, mchoraji wa Kicheki wa karne ya kumi na tisa. Humo ndimo Gasper alimojifunzia kuchora. Kuta zetu zimejaa picha zake za mkaa, na hakuna jirani anayesimama kuzitazama. Siku hiyo simu ilikuwa imemtafsiria ukurasa wa mwisho.

"Mama Dorika, mzee alichora maisha yake yote. Bata bukini, wakulima, vitabu vya watoto. Akazikwa bila mtu hata mmoja!"

"Baba Dorika, huyo si alikufa kabla babu yako hajazaliwa?"

"Ndiyo maana nasema tumechelewa." Akatoa mikeka nje.

Kwetu Newala huulizi nani kafa. Ukiona mikeka uani na mwanamume analia, unaleta unga, kuni na ndoo ya maji, unakaa. Kufikia mchana uwanja ulikuwa umejaa, na mimi nasonga ugali wa kijiji kizima huku natamani kumponda mtu kwa mwiko. Ndipo Mzee Filemoni alipouliza kwa upole marehemu ni wa ukoo gani.

"Mcheki," Gasper akasema.

"Hao wako ng'ambo ya Tandahimba?"

"Mbele zaidi."

"Basi tule. Wakifika watakuta chao."

Akaja mtani wetu Mahmudu kutoka Chiwata. Kazi ya mtani msibani ni kumwigiza marehemu watu wacheke, na hakuna wa kumzuia. Akaambiwa marehemu ni mtu aliyechora maisha yake yote, asijaliwe na yeyote. Hakuuliza zaidi. Akavaa kofia ya Gasper, akaokota mkaa, akachuchumaa mbele ya kuku, jicho moja kafumba, ulimi nje.

"Tulia mama, tulia kidogo tu, namalizia bawa."

Kuku akaondoka. Mahmudu akainua mikono kama anayeonyesha picha, akasubiri asifiwe.

Watu walicheka hadi wakagaagaa. Walimtambua mume wangu. Gasper naye alicheka, kisha akaacha. Mimi nililia, mwiko mkononi, kwa sauti ambayo sikuitoa hata kwa baba yangu mzazi. Jirani yangu Mama Furaha akanishika, akanikalisha mkeka wa mbele, akanifunika kanga.

"Mpisheni," akawaambia. "Kumbe mjane ni huyu."